Usingizi na Ndoto Ndani ya Ubongo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nafundisha baiolojia katika sekondari moja hapa Moshi, na kila mwaka tunapofika kwenye mfumo wa neva, habari za usingizi hukataa kuishia darasani. Mwanafunzi kwanza huuliza kwa ajili yake mwenyewe, kisha Jumatatu inayofuata hurudi na swali la mama yake, la babu yake kijijini, au la kaka yake anayebeba mizigo ya wageni mlimani. Yafuatayo ni maswali yanayorudi mara nyingi zaidi. Nimejitahidi kuyajibu kwa uangalifu, kwa sababu usingizi huchukua karibu theluthi moja ya maisha ya kila mtu, na ni wachache waliowahi kuelezwa kinachotendeka ndani yake.

Je, ubongo huzimika tunapolala?

Hauzimiki hata kidogo. Daktari wa Kijerumani Hans Berger alifaulu mwaka 1924 kunasa umeme dhaifu wa ubongo wa binadamu, akatangaza matokeo yake mwaka 1929, na tangu hapo imewezekana kuufuatilia ubongo wa mtu aliyelala bila kumwamsha. Mtu aliyetulia huku amefumba macho hutoa mawimbi kati ya 8 na 13 kwa sekunde. Akianza kupitiwa, mawimbi hayo huvunjika na kupungua kasi, naye huingia katika usingizi wa mang'amung'amu, ule ambao ukimgusa atakuapia kwamba hakuwa amelala. Dakika chache baadaye hujitokeza vishada vifupi vya mawimbi ya haraka, kila kimoja kikidumu sekunde moja hivi, na hatimaye mchoro wa umeme huo hugeuka kuwa milima mikubwa ya polepole, isiyofika minne kwa sekunde. Huo ndio usingizi mzito, wa kulala kama pono.

Milima hiyo ni mikubwa kwa sababu mamilioni ya seli za neva hunyamaza pamoja na kuamka pamoja, kama watu wanaovuta gogo kwa wimbo mmoja. Mchana kila kundi la seli huwa na shughuli yake, na sauti zisizoafikiana huonekana kwenye mchoro kama mistari midogo yenye vurugu. Baada ya usingizi mzito ubongo hupanda tena na kuingia katika usingizi wa namna nyingine kabisa, ambao macho hukimbia huku na huku chini ya kope. Vitabuni huandikwa kwa herufi REM, nami hapa nitauita usingizi wa ndoto. Mzunguko wote huchukua takriban dakika 90, na usiku mmoja huwa na mizunguko minne hadi sita. Usingizi mzito hujaa mwanzoni mwa usiku, na ule wa ndoto hurefuka kuelekea alfajiri, kwa hiyo anayeamshwa saa kumi alfajiri kila siku hupoteza hasa usingizi wa ndoto.

Ni nini hutufanya tusinzie?

Nguvu mbili hushirikiana, na aliyezieleza kwa namna inayotumika hadi leo ni Alexander Borbély wa Zurich, mwaka 1982. Ya kwanza ni deni. Kadiri tunavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni kama majivu yanavyojaa jikoni kuni zikiungua, kwa kuwa hutokana na nishati inayotumiwa na seli. Adenosini hujishikiza kwenye vipokezi vya seli na kuzipunguza kasi, na deni hilo hulipwa kwa kulala tu.

Nguvu ya pili ni saa ya mwili. Ndani ya haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, juu kidogo ya mahali neva za macho zinapopishana, kuna seli zipatazo 20,000 zinazoendesha mzunguko wa karibu saa 24 hata mtu akifungiwa gizani. Saa hiyo husahihishwa kila siku na mwanga unaoingia machoni, na giza likiingia huiruhusu tezi ya pineali kumwaga homoni ya melatonini, ambayo huutangazia mwili kuwa ni usiku. Hapa kwetu, nyuzi tatu kusini mwa ikweta, jua huchomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima, hivyo saa ya mwili ina kazi nyepesi kuliko ya mtu anayeishi Norway. Kinachoivuruga ni mwanga tunaojiwashia wenyewe, yaani taa nyeupe za sebuleni, na simu iliyoshikwa karibu na uso hadi saa sita usiku.

Kahawa ya jioni na mbege vina madhara gani kwa usingizi?

Tumekulia kati ya mibuni na migomba, kwa hiyo swali hili linastahili jibu kamili. Kafeini, kemikali ya kahawa inayochangamsha, ina umbo linalofanana na la adenosini, na hukalia kiti chake kwenye kipokezi bila kuipunguza seli kasi. Deni la usingizi hubaki palepale likiendelea kukua, ila ubongo haulisikii kwa muda. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini huondoka mwilini baada ya takriban saa 5, na kwa mjamzito huchukua muda mrefu zaidi. Kikombe kilichonywewa saa kumi na moja jioni bado kimebakiza nusu ya nguvu yake saa nne usiku.

Mbege, kama pombe nyingine zote, huharakisha kulala lakini huharibu usingizi wenyewe. Nusu ya kwanza ya usiku pombe hukandamiza usingizi wa ndoto. Mwili ukishamaliza kuivunjavunja, usingizi hukatikakatika, na ndoto zilizozuiwa hurudi kwa fujo karibu na alfajiri. Pombe pia hulegeza misuli ya koo, ndiyo maana anayekoroma kidogo siku za kawaida hukoroma kwa kutisha baada ya sherehe. Ikiwa pumzi yake hukatika kabisa kisha akashtuka kama anayekabwa, na mchana anasinzia akiwa kazini au kwenye usukani, huo ni ugonjwa unaotibika, na hafai kuachwa bila kuonwa na daktari.

Mtu anahitaji kulala saa ngapi?

Wataalamu wa usingizi wa Marekani walikubaliana mwaka 2015 kwamba mtu mzima alale angalau saa 7. Vijana wa umri wa sekondari wanahitaji kati ya 8 na 10.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauko mbali nasi. Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, mwendo wa saa chache kutoka Arusha, walishiriki katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 pamoja na Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, jamii zisizotegemea umeme. Walipofungwa vifaa vidogo mkononi, ilionekana kwamba kwa wastani walilala kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, na kwamba hawakulala jua lilipozama, bali zaidi ya saa 3 baadaye, hewa ilipokuwa ikipoa. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2017 uliwafuatilia watu wazima 33 wa Kihadzabe kwa siku 20. Katika muda huo wote, dakika ambazo watu wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Vijana walichelewa kulala na wazee waliamka mapema, na kwa tofauti hiyo ya umri kambi ilikuwa na mlinzi karibu usiku kucha bila mtu yeyote kupangwa zamu. Huwa nawasomea jambo hili wazee wanaokuja kuniuliza kwa nini wanaamka saa tisa usiku, kwa sababu wengi wao hudhani wanaumwa.

Tofauti hiyo ya umri ndiyo inayonisumbua kuhusu shule zetu. Wakati wa balehe saa ya mwili husogea mbele, na melatonini ya kijana huanza kumwagika usiku zaidi kuliko ya mtoto au ya mzazi. Nimewahi kusimama mlangoni mwa bweni saa kumi na moja kasorobo alfajiri, kengele ikilia, nikamwona mvulana wa kidato cha pili ameketi kitandani, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, macho wazi, asinisikie hata nilipomwita kwa jina mara mbili. Hakuwa mvivu. Ubongo wake ulikuwa bado usiku wa manane, na saa mbili baadaye tulikuwa tunamtarajia akokotoe hesabu. Nawasihi wazazi na walimu wenzangu tulitafakari hili kabla ya kuamua kengele ya watoto ilie mapema kwa nusu saa nyingine.

Ndoto hutoka wapi?

Mtazame mtoto mchanga aliyelala mgongoni kwa mama yake ndani ya daladala. Kope zimefungwa, lakini chini yake mboni zinakwenda na kurudi, midomo inatabasamu na kununa, vidole vinachezacheza. Kwa karne nyingi kila mzazi aliliona jambo hilo, na ni mwaka 1953 tu lilipopewa uzito wa kisayansi, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walipoeleza kwamba vipindi hivyo vya macho kukimbia hurudi kila usiku, na kwamba mtu akiamshwa katikati yake mara nyingi husimulia ndoto. Mtu mzima hutumia kiasi cha robo ya usingizi wake katika hali hiyo. Mtoto mchanga hutumia karibu nusu.

Miaka michache baadaye Michel Jouvet wa Lyon, nchini Ufaransa, aliuita usingizi huo usingizi wa kinyume, kwa sababu mchoro wa ubongo unafanana na wa mtu aliye macho ilhali mwili umelegea kabisa. Picha za ubongo zilizopatikana baadaye zimeeleza mengi kuhusu ladha ya ndoto. Amigdala, sehemu inayoshughulikia hofu na hisia kali, huwa na shughuli nyingi, na sehemu za kuona pia huwaka. Sehemu ya mbele ya ubongo inayopima, kupanga na kutilia shaka hupunguza kazi. Ndiyo maana ndotoni unaweza kuongea na marehemu shangazi sokoni Kiboriloni, soko likageuka kuwa darasa lako la zamani, na usione ajabu yoyote hadi utakapoamka.

Mwaka 1977 Allan Hobson na Robert McCarley wa Marekani walipendekeza kwamba ndoto ni jitihada ya gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, kutunga hadithi kutokana na ishara za ghafla zinazopanda kutoka shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Wazo hilo lilitawala kwa muda mrefu. Hata hivyo Mark Solms, aliyewachunguza wagonjwa wenye majeraha ya ubongo, alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba wapo walioacha kuota kabisa baada ya kuumia sehemu za mbele, ingawa macho yao yaliendelea kukimbia kila usiku kama kawaida. Zaidi ya hayo, watu wakiamshwa katika hatua nyingine za usingizi nao husimulia ndoto, ingawa mara nyingi huwa fupi na tulivu. Kwa maoni yangu ushahidi unaelekea upande huu: shina la ubongo hufungua pazia, lakini mtunzi wa hadithi yuko mbele, miongoni mwa matamanio, hofu na kumbukumbu zetu.

Mbona ndoto husahaulika haraka?

Wakati wa usingizi wa ndoto, seli zinazotoa noradrenalini, kemikali inayosaidia ubongo kuyashika mambo, hunyamaza karibu kabisa. Kinachobaki mkononi ni kile ulichokuwa unakiota sekunde ulipoamka. Anayetaka kuikumbuka ndoto yake abaki vilevile alivyolala, aisimulie moyoni kuanzia mwisho kurudi mwanzo, kisha aiandike kabla ya kushika simu.

Jinamizi ni nini?

Nilikuwa na miaka 15, wiki ya mitihani, nimelala chali. Nilifumbua macho nikauona wavu wa mbu, nikaliona dirisha, nikamsikia mwenzangu wa kitanda cha juu akikohoa, lakini sikuweza kuinua hata kidole. Kifuani kulikuwa na uzito wa gunia la mahindi, na karibu na mlango, nilikuwa na hakika, amesimama mtu. Nilijaribu kupiga kelele, sauti haikutoka. Kisha ghafla kila kitu kikaachia. Bibi yangu aliponisikiliza likizo ilipofika alisema jinamizi limenikalia, akaniambia nisilale chali tena.

Ushauri wake ulikuwa sahihi, kwa kuwa hali hii huwapata zaidi wanaolala chali, waliokesha, na wenye msongo wa mawazo. Katika usingizi wa ndoto shina la ubongo huzifunga neva zinazoamuru misuli, tusije tukatimiza kwa mikono na miguu tunayoyaota. Misuli ya macho na kiwambo cha kupumulia ndiyo huachwa huru. Mara chache akili huamka kabla kufuli hilo halijafunguliwa. Mtu hujaribu kuvuta pumzi ndefu kwa hiari, misuli ya kifua haitii, naye huhisi amekaliwa. Amigdala bado iko katika hofu ya ndoto, na ubongo ukitafuta sababu ya hofu hiyo huchora mtu mlangoni. Maruweruwe hayo huonekana halisi kabisa, na anayeyasimulia hadanganyi wala hajarogwa.

Jinamizi likikujia, elekeza nguvu zote kwenye kidole kimoja au kwenye kukonyeza macho, na usipambane na pumzi, kwa kuwa kiwambo kinaendelea kufanya kazi. Hupita ndani ya dakika chache. Likiambatana na kushikwa na usingizi usiozuilika mchana, na magoti kulegea kila unapocheka sana, muone daktari. Hizo ni dalili za narkolepsi, ugonjwa unaotokana mara nyingi na kupotea kwa seli zinazotengeneza oreksini, kemikali iliyogunduliwa mwaka 1998 ambayo hutushikilia tuwe macho.

Je, ndoto hutabiri mambo?

Imani ya mtu ni ya kuheshimiwa, nami sijibu kwa niaba ya viongozi wa dini. Kwa upande wa ubongo, ndoto hujengwa kwa vipande vya siku zilizopita na mahangaiko ya siku zijazo. Aliye na mgonjwa nyumbani humwota mgonjwa huyo mara nyingi, na usiku mmoja kati ya nyingi hizo utakaribiana na tukio lenyewe. Huo ndio utakaosimuliwa msibani.

Kwa nini watu hushindwa kulala Mlima Kilimanjaro?

Kaka wa mwanafunzi wangu mmoja, ambaye ni mgumu, kama wapagazi wanavyoitwa hapa mjini, alinieleza alivyomsikiliza mgeni usiku katika kambi ya Barafu. Mgeni alipumua haraka haraka, kisha pumzi ikatulia, ikatulia zaidi, ikakoma. Akahesabu moja, mbili, hadi kumi na mbili, mkono wake ukiwa tayari kwenye zipu ya hema. Ndipo mgeni akavuta pumzi kubwa kwa kishindo na kuanza upya.

Barafu iko zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi huko huleta oksijeni iliyozidi kidogo tu nusu ya ile ya pwani. Mwili hujibu kwa kupumua haraka, na kwa kufanya hivyo hutoa kaboni dioksaidi nyingi kupita kiasi. Aliyelala huongozwa na kaboni dioksaidi ili apumue. Ikishuka sana, shina la ubongo husitisha pumzi hadi ipande tena. Kila mzunguko huuamsha ubongo kidogo, hata kama mtu hakumbuki, na asubuhi hujiona hakupata lepe la usingizi. Kupanda polepole husaidia, na dawa ya asetazolamidi hupunguza hali hiyo kwa ushauri wa daktari. Vidonge vya usingizi visitumiwe kiholela huko juu, kwa kuwa baadhi yake hudhoofisha upumuaji.

Malale ina uhusiano gani na usingizi wa kawaida?

Malale huletwa na kimelea kinachoenezwa na mbung'o, na katika nchi yetu aina iliyopo huenda kwa kasi, ikiua ndani ya miezi isipotibiwa. Kimelea kikifika ubongoni huivuruga saa ya mwili: mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, na anaweza kutumbukia katika usingizi wa ndoto moja kwa moja bila kupitia hatua nyingine. Jumla ya saa anazolala haiongezeki sana. Mpangilio ndio unaovunjika. Mfugaji, mwongoza watalii au mtu yeyote aliyeumwa na mbung'o hifadhini, kisha akapata homa isiyoelezeka, aeleze habari ya mbung'o hospitalini bila kungoja dalili za usingizi.

Je, dawa zinaweza kuleta ndoto kali?

Ndiyo. Meflokwini, iliyotumika dhidi ya malaria, na efavirenzi, miongoni mwa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, zinajulikana kwa kuleta ndoto za wazi mno na wakati mwingine za kutisha. Usiache dawa kwa sababu ya ndoto. Mweleze mhudumu wa kliniki, kwa kuwa mara nyingi kubadili muda wa kumeza au aina ya dawa hutosha.

Kukesha ukisoma kunasaidia mtihani?

Kunadhuru zaidi. Mchana hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulikia kumbukumbu, hupokea mambo mapya kwa muda, na katika usingizi mzito huyarudia na kuyahamishia gamba la ubongo. Matthew Wilson na Bruce McNaughton walilionyesha hilo kwa panya mwaka 1994: seli zilizowaka pamoja panya walipokuwa wakitembea zilielekea kuwaka pamoja tena walipolala baadaye. Soma hadi saa nne usiku, lala.

Babu hupiga ngumi na mateke usingizini. Tufanye nini?

Hapa lile kufuli la misuli nililolieleza kwenye jinamizi limelegea, naye anazitenda ndoto zake. Hali hii ilielezwa rasmi mwaka 1986 na Carlos Schenck na Mark Mahowald wa Minnesota, na huwapata zaidi wanaume waliopita miaka 50. Haitokani na hasira wala pepo. Ina uzito kwa sababu wengi wenye hali hiyo, baada ya miaka kadhaa, hupata ugonjwa wa Parkinson au magonjwa yanayofanana nao. Kwa sasa ondoeni meza na vitu vyenye ncha karibu na kitanda, bibi alale kitanda kingine kwa usalama wake, na mpelekeni babu kwa daktari wa magonjwa ya neva. Bibi aende naye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa macho.